Gari linalobana mafuta: jinsi ya kulichagua kwa njia unayopita wewe

"Gari gani linakula mafuta kidogo?" Swali hili huniletea jirani, huniletea wenzangu kazini, na wiki iliyopita limeletwa na binamu yangu aliyeko Tabora, ambaye mkopo wake wa SACCOS umetoka na anataka gari kabla ya Krismasi. Baada ya hilo hufuata mengine yale yale: IST na Vitz lipi bora? CC 990, yaani injini ya lita moja hivi, si ndiyo inayobana kuliko zote? Haibridi, lile gari la petroli na umeme, betri ikifa inakuwaje? Nimejibu kwa simu mara nyingi sana, sasa naandika, ili anayeuliza asome mwanzo hadi mwisho akiwa ametulia.

Jambo moja ulishike tangu sasa. Hakuna gari linalobana mafuta kila mahali. Kuna gari linalobana kwenye njia yako, likiwa na mzigo wako, na likiwa zima. Gari lile lile linaloimbwa na mtu wa Dodoma linaweza kukufilisi wewe wa Mbagala, na wala hakuna aliyedanganya. Ndiyo maana tutaanza na njia, gari litafuata.

Namlenga mnunuzi wa Tanzania anayetafuta gari dogo lililotumika kutoka Japani, kwa kuwa ndiyo magari yetu ya kila siku. Ukiwa Kenya, kumbuka kwamba gari linaloingizwa huko halipaswi kuzidi miaka 8, na bei za mafuta hutangazwa na EPRA tarehe 14 ya kila mwezi. Hesabu zilizobaki ni zile zile.

Uwe na vitu hivi kabla hujaanza

- Daftari dogo na kalamu. Simu inatosha pia, ila daftari linalokaa ndani ya gari halisahauliki.
- Bei ya mafuta ya mwezi huu katika mji wako. EWURA hutoa bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei ya Dar es Salaam si ya Kigoma.
- Geji ya kupimia upepo wa tairi. Nunua ya kwako, usitegemee ya kijiweni.
- Kifaa cha OBD, kile kinachochomekwa chini ya usukani kusoma kompyuta ya gari. Kama huna, fundi umeme wa magari anacho.
- Fundi unayemlipa wewe. Fundi aliyeletwa na dalali ni wa dalali.
- Muda. Gari la kukaguliwa jioni ya Jumapili huku watu wengine wawili wakiwa wamesimama na hela mkononi, liache.

Hatua ya 1: Andika njia yako kwa wiki moja

Kabla hujafungua tangazo lolote la gari, andika kila siku: kilometa ngapi, saa ngapi uko kwenye foleni, watu wangapi, mzigo gani, lami au vumbi, tambarare au milima. Kama huna gari bado, tumia ramani ya simu kupata kilometa.

Mimi nakaa Mbezi na kazi iko Posta. Kwenda na kurudi ni kama kilometa 50, siku 300 kwa mwaka, yaani kilometa 15,000. Asubuhi karibu yote ni foleni, jioni nusu yake. Nyumbani kwetu ni watu wawili ndani ya gari, mara moja moja wanne. Kwa mistari hiyo michache nimeshajua kwamba gari langu litaishi mjini, likisimama na kuondoka, na safari ya mkoani ni mara mbili tu kwa mwaka.

Kosa la kawaida hapa ni kununua gari kwa ajili ya ile safari ya Desemba. Unajipa injini kubwa ya kwenda Moshi siku mbili, halafu unaibeba kwenye foleni siku 300.

Hatua ya 2: Jifunze kusoma namba za mafuta

Wajapani huandika kilometa kwa lita: namba kubwa ndiyo nzuri. Wazungu wa Ulaya huandika lita kwa kilometa 100: namba ndogo ndiyo nzuri. Kuhamisha, gawanya 100 kwa namba uliyo nayo. Kilometa 20 kwa lita ni lita 5 kwa kilometa 100, kilometa 12.5 kwa lita ni lita 8.

Ukikuta maili kwa galoni, uliza kwanza galoni ya nani. Ya Marekani ni lita 3.785, ya Uingereza ni 4.546. Maili 35 kwa galoni ya Marekani ni karibu kilometa 14.9 kwa lita, lakini kwa galoni ya Uingereza ni kilometa 12.4 tu.

Angalizo: namba ya kiwandani haitokani na barabara yako. Inapatikana maabara, gari likiwa juu ya mashine, kwa mtindo maalumu wa kukanyaga na kuachia. Japani walikuwa na kipimo kiitwacho 10-15, kikaja JC08, kisha WLTC, na kila kipya kimekuwa kigumu kuliko kilichotangulia. Toyota Aqua ilipotoka mwishoni mwa 2011 ilikuwa na kilometa 40 kwa lita kwa kipimo cha 10-15 na 35.4 kwa JC08. Gari ni hilo hilo. Kwa hiyo usilinganishe namba ya gari la 2005 na ya gari la 2019 kana kwamba zimepimwa kwa mizani moja. Linganisha magari ya kipimo kimoja, na hata hapo itumie namba hiyo kujua lipi linamzidi mwenzake. Usiitumie kupangia bajeti.

Hatua ya 3: Geuza kilometa kuwa lita, lita kuwa shilingi

Hatua hii watu huiruka, nami naiona ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Chukua kilometa zako za mwaka, gawanya kwa kilometa ambazo gari linakwenda kwa lita. Kwa kilometa zangu 15,000:

- gari la kilometa 7 kwa lita: lita 2,143
- la kilometa 10: lita 1,500
- la kilometa 15: lita 1,000
- la kilometa 20: lita 750

Zitazame tena polepole. Aliyetoka gari la 10 akaingia la 15 ameokoa lita 500 kwa mwaka. Aliyetoka 15 akaingia 20, ameongeza 5 zile zile, lakini ameokoa lita 250. Na aliyekuwa na gari la 7 akahamia la 10, ambaye hakuna atakayempongeza kwa kuwa bado gari lake "linakunywa", ameokoa lita 643, kuliko wote.

Maana yake ni hii. Kama nyumbani kuna magari mawili, badilisheni lile linalokunywa, msihangaike na dogo. Na kama tayari una gari la 14 au 15 lililo zima, usiliuze kwa hasara kwa sababu umesikia la mwenzako linakwenda 20. Lifanyie sevisi, lijaze upepo, hela iliyobaki ilipie ada.

Sasa weka shilingi. Kwa urahisi wa hesabu tuchukue lita moja ni shilingi 3,000. Wewe utaweka bei ya mji wako. Tuseme unapima kati ya gari la kawaida linalokupa 12 kwenye njia yako na haibridi inayokupa 20, na haibridi imezidi kwa bei shilingi milioni 5. Kwa kilometa 15,000, la kawaida linakunywa lita 1,250 na haibridi 750. Umeokoa lita 500, sawa na shilingi 1,500,000 kwa mwaka. Milioni 5 zako zinarudi baada ya miaka mitatu na miezi minne. Lakini yule binamu yangu wa Tabora, anayetembea kilometa 6,000 kwa mwaka, ataokoa lita 200, yaani shilingi 600,000. Kwake zinarudi baada ya miaka minane na ushee, na kabla hazijarudi betri itakuwa imeshaanza kuzeeka. Magari ni yale yale mawili, majibu yanatofautiana.

Hatua ya 4: Oanisha injini na njia

*Foleni ya mji.* Gari lililosimama huku linaunguruma linachoma mafuta bila kwenda popote, na AC ikiwa imewashwa hata injini ndogo inaweza kukaribia lita moja kwa saa. Hapa injini ndogo inakusaidia: Vitz au Passo ya lita 1.0, Demio, Fit au IST ya 1.3. Haibridi inasaidia zaidi, kwa sababu gari likisimama injini inazima, likiondoka polepole linasukumwa na mota ya umeme, na ukikanyaga breki ule mwendo unarudishwa kwenye betri badala ya kupotea kama joto. Prius, ambayo Toyota ilianza kuiuza Japani mwaka 1997, na Aqua iliyofuata, zilitengenezwa kwa maisha ya namna hiyo.

*Barabara kuu kila wiki.* Ukienda mwendo mmoja wa 90 kwa saa mbili, ile faida ya haibridi inapungua sana, maana hakuna breki za kurudisha umeme na injini inafanya kazi muda wote. Injini ya 1.5 kwenye Axio, Allion, Premio au Fielder inatulia hapo.

*Mzigo na milima.* Nataka wapenzi wa CC 990 wanisikilize hapa. Mwaka mmoja tulikwenda Iringa kwenye harusi kwa magari mawili: Vitz ya lita 1.0 yenye watu watano na mizigo ya sherehe, na Fielder ya 1.5 ya shemeji yangu iliyobeba watu wanne na sufuria. Tulijaza tangi sheli moja Mbezi, tukajaza tena Iringa mjini. Vitz ilitoa kilometa 12.9 kwa lita, Fielder 13.8. Ile ndogo ilipandishwa Kitonga mguu ukiwa umezama kwenye pedali, AC imezimwa, gia ya chini, injini inalia. Injini ndogo inabana pale inapofanya kazi ndogo. Ukiipa kazi ya punda wawili itakula cha punda wawili, na itachoka mapema.

*Vumbi na mashimo.* Aqua iko chini. Kama barabara ya kwako ni ya kokoto na mikondo ya maji, utakachookoa kwenye mafuta utakipeleka kwenye bampa na sahani za chini.

*Dizeli ndogo.* Demio ya kuanzia 2014 ipo ya dizeli ya 1.5 na safarini inabana kwelikweli. Ila ina kichujio cha masizi kwenye ekzosi, nacho kinahitaji safari ndefu ili kijisafishe kwa joto. Ukiifungia kwenye foleni ya Buguruni kila siku, kitaziba.

*Gesi asilia.* Kwa aliyeko Dar na anayetembea sana, kufunga mfumo wa gesi kwenye gari la petroli ni hesabu ya kweli. Chuo cha DIT ni miongoni mwa wanaofunga. Pima mambo mawili: mtungi unakula nafasi ya buti, na vituo vya kujazia bado vimejikusanya Dar. Ukienda mkoani utarudi kwenye petroli, kwa hiyo mfumo wa petroli usiuache ukafa.

Hatua ya 5: Soma kibao cha modeli, usisome nembo ya nyuma

"IST" si gari moja. Fungua boneti, tafuta kibao cha bati chenye namba ya modeli. NCP60 ni injini ya 1.3, NCP61 ni ya 1.5, na NCP65 ni ya 1.5 inayovuta tairi zote nne. Hiyo ya mwisho ina uzito zaidi na vyuma vingi zaidi vya kuzungusha, na kama hupiti kwenye matope huna sababu ya kuilipia mafuta. Vitz ya zamani vivyo hivyo: SCP10 ni lita 1.0, NCP10 ni 1.3, NCP15 ni 1.3 ya tairi nne.

Premio na Allion ndizo zinazowachanganya wengi, kwa sababu kwa nje ni ile ile. NZT240 ni 1.5, ZZT240 ni 1.8, AZT240 ni 2.0 yenye mfumo wa D-4 unaopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Mfumo huo haupendi mafuta machafu, na ukilegea matumizi yanapanda. Kwa foleni mimi nachukua 1.5 na sijutii.

Herufi DAA mbele ya namba, kama DAA-NHP10 ya Aqua, zinakuambia gari ni haibridi.

Hatua ya 6: Weka kodi kwenye hesabu

Ukiagiza mwenyewe, ushuru wa bidhaa kwa Tanzania hufuata ukubwa wa injini: isiyozidi CC 1000 haina, kati ya 1000 na 2000 ni asilimia 5, zaidi ya 2000 ni asilimia 10. Hiyo ni nje ya ushuru wa forodha na VAT, na gari likiwa kuukuu zaidi huongezewa ushuru wa uchakavu. Tumia kikokotoo cha TRA cha magari yaliyotumika kabla hujalipa senti, na ukiagiza karibu na Julai angalia tena, kwa sababu bajeti mpya huanza tarehe 1.

Hatua ya 7: Kagua gari lenyewe

Gari zuri kwenye karatasi linaweza kuwa bovu hapo uani. Vitz mbovu inakula kuliko Premio nzima, nimeliona hili kwa macho. Fuata mpangilio huu:

1. Fika asubuhi na uhakikishe injini ni ya baridi. Gusa boneti. Muuzaji aliyeliwasha kabla hujafika ana sababu.
2. Washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini lazima iwake kwenye dashibodi, kisha izime injini ikishawaka. Kama haikuwaka kabisa, imefichwa. Muuzaji mmoja alinionyesha dashibodi safi bila taa hata moja. Tulipochomeka kifaa cha OBD, zikatoka hitilafu nne.
3. Simama nyuma ya ekzosi. Moshi mweusi ni petroli inayomwagwa bila kuungua, wa bluu ni oili, mweupe usiokoma hata injini ikipata joto ni maji yanayoingia ndani.
4. Acha injini ipate joto huku kifaa kikiwa kimechomekwa. Joto la maji linapaswa kupanda na kutulia, kwa kawaida kati ya nyuzi 80 na 95. Likibaki 60 hata ukiendesha, huenda themostati, ile valvu inayozuia maji ya radieta hadi injini ipate joto, imeng'olewa. Mafundi wengi huing'oa gari likichemka, "ili maji yapite vizuri". Kompyuta ya gari huona injini bado ya baridi, ikaendelea kumimina petroli ya asubuhi mchana kutwa. Ukiikuta hivyo, jiulize pia kwa nini lilikuwa linachemka.
5. Tazama namba ya LTFT kwenye kifaa, yaani kiasi ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza petroli. Ikizidi asilimia 10 kwenda juu au chini, kompyuta inahangaika kusawazisha mchanganyiko wa petroli na hewa. Kuna kitu kinavuja, kimeziba au sensa inadanganya.
6. Uliza kama masega ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi, yapo. Hung'olewa yakauzwa. Pasipo masega, sensa za oksijeni husoma visivyo na taa ya injini haitulii.
7. Endesha kama dakika 20, simama bila kukanyaga breki kwa nguvu, kisha sogeza mkono karibu na kila rimu. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, breki yake inashika. Halafu kwenye mteremko mdogo sana weka N: gari zima linaanza kujiviringisha lenyewe.
8. Angalia saizi ya tairi na ulinganishe na stika iliyo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Rimu kubwa za kupendezea huongeza uzito. Na tairi ikiwa na mzunguko mkubwa kuliko wa asili, odometa itahesabu kilometa pungufu.
9. Kwa haibridi, tafuta tundu la kupumulia la betri kubwa. Kwenye Aqua liko eneo la kiti cha nyuma. Likiwa limejaa vumbi na nywele za mazulia, betri hiyo imekuwa ikipika muda mrefu. Joto ndilo linaloiua.

Hatua ya 8: Pima tangi kwa tangi

Umeshanunua, hongera. Sasa pima, kwa sababu bila namba hii huwezi kujua siku litakapoanza kuumwa.

1. Jaza hadi bomba la sheli likate lenyewe. Usimruhusu mhudumu "aongezee kidogo".
2. Rudisha tripu ya dashibodi kwenye sifuri.
3. Tembea kama kawaida yako, angalau nusu tangi.
4. Rudi sheli ile ile, pampu ile ile ikiwezekana, jaza hadi likate.
5. Gawanya kilometa za tripu kwa lita ulizojaza mara ya pili. Kilometa 312 kwa lita 26.4 ni 11.8 kwa lita.
6. Fanya hivyo mara tatu, ndipo uamini.

Najua wengi wetu huweka "ya elfu ishirini" kila baada ya siku mbili, na sina wa kumlaumu, mshahara ndivyo unavyotoka. Lakini kwa mtindo huo usiseme gari linakula, maana geji ya mafuta haikupi lita. Fanya hivi: siku taa ya mafuta ikiwaka, andika odometa. Andika lita zote unazoweka mwezi mzima. Taa ikiwaka tena mwishoni mwa mwezi, andika odometa. Kilometa zilizopita, gawanya kwa jumla ya lita. Si sahihi kama tangi kamili, ila kwa mwezi mzima inakaribia.

Gari limeanza kula mafuta: anzia hapa

*Limebadilika ghafla, siku chache tu.* Angalia kwanza kama kuna taa ndogo ya O/D OFF imewaka kwenye dashibodi. Kitufe chake kiko kwenye mkono wa gia na hubonyezwa bila kukusudia, mara nyingi na mtoto au na aliyeosha gari. Kikiwa hivyo gia ya juu haiingii, na barabara kuu injini italia. Bonyeza, taa izime. Kama si hiyo, nusa petroli kuzunguka gari lililoegeshwa usiku kucha. Ukiisikia, usiwashe. Ita fundi.

*Limebadilika polepole, kwa miezi.* Upepo wa tairi kwanza. Stika za Kijapani huandika kPa. 220 kPa ni karibu 32 kwa geji zetu za psi. Pima tairi zikiwa za baridi. Kisha chujio la hewa, plagi, na mpangilio wa tairi za mbele, hasa kama zinaisha upande mmoja.

*Limebadilika baada ya sevisi.* Uliza oili gani imewekwa. Injini nyingi ndogo za Kijapani zimeundwa kwa oili nyepesi, 0W-20 au 5W-30 kadiri kitabu kinavyosema, na mafundi wetu wengi humwaga 20W-50 kwa kila kitu. Oili nzito inazungushwa kwa nguvu, na nguvu hiyo ni petroli. Onyo kubwa zaidi ni la gia: giaboksi ya CVT, ile ya otomatiki isiyo na gia za hatua, ina oili yake ya CVT. Ukiwekewa ATF, oili ya giaboksi za otomatiki za kawaida, mafuta yatakuwa shida ndogo kuliko zote utakazopata.

*Linakula kwenye foleni tu, safarini liko sawa.* Hiyo ni tabia ya kila gari lisilo haibridi. Likizidi kawaida yako ya daftarini, mpe fundi aangalie valvu ya hewa kama imejaa masizi, na feni ya radieta kama inafanya kazi.

*Haibridi: feni inavuma nyuma na mafuta yamepanda.* Safisha tundu la betri kwanza, kwa brashi na kivuta vumbi, gari likiwa limezimwa. Nyaya za rangi ya chungwa usiziguse kamwe, wala usimruhusu fundi asiyezijua azifungue. Feni ikiendelea, peleka kwa anayeweza kusoma hali ya kila kundi la seli, kwa sababu mara nyingi huanza kuchoka moja kabla ya zote. Na gari likigoma kuwaka kabisa asubuhi, usikimbilie kulia betri kubwa. Ipo nyingine ndogo ya volti 12, ya bei ya kawaida, na hiyo ndiyo hufa kwanza.

*Kila kitu kimekaguliwa, namba bado mbaya.* Badilisha sheli. Pima tangi tatu kwenye sheli nyingine bila kubadilisha kitu kingine chochote. Pampu huhakikiwa na Wakala wa Vipimo, kwa hiyo tafuta stika yake kwenye pampu, na kama namba zako zinatofautiana sana kati ya sheli mbili, wapelekee taarifa ukiwa na daftari lako na risiti za EFD. Ndiyo maana risiti hizo hazitupwi: lita zilizoandikwa humo ndizo za kuingiza daftarini, kuliko zile ulizotajiwa kwa mdomo.